Baba na Mbuzi ya Kukunia Nazi

Baba yangu ni mtu anayependa amani, mradi amani hiyo ipatikane kwa kila mtu mwingine kunyamaza. Alifundisha shule ya msingi kule Mikinduri, Meru, mpaka alipostaafu. Baada ya hapo alibaki na mashina yake ya miraa, redio, na tabia ya kusahihisha Kiswahili cha watangazaji kana kwamba wanamsikia. Mimi ni mfamasia mjini Embu. Kazi yangu ni kusoma mwandiko wa madaktari na kuamua mgonjwa anatakiwa kupona kwa dawa gani, kwa hiyo nadhani nilikuwa nimeandaliwa kwa mafumbo tangu zamani.

Ugonjwa wenyewe aliuanzisha yeye. Nilipokuwa msichana, alikuwa akipata magazeti ya Kiingereza yaliyochakaa, na badala ya kusoma habari kama wazazi wengine, alifungua ukurasa wa krosiwadi. Tena si ile rahisi, ambayo ukiulizwa mji mkuu wa Ufaransa unaandika na kwenda zako. Aliitaka ile ya kificho, ambayo kila swali linasema jambo moja na kumaanisha lingine, kama barua ya shule inayowaomba wazazi "mchango wa hiari". Alijifundisha mwenyewe bila mwalimu, na miaka ikapita kabla hajajua kwamba majibu yalikuwa yakichapishwa siku inayofuata. Alipojua, hakufurahi. Alisema kuna majibu mengi ambayo gazeti lilikosea.

Halafu akaanza kututungia za Kiswahili. Ya kwanza ninayoikumbuka ilikuwa hii: "Shida iliyomo kitabuni, herufi nne." Nilizunguka nayo siku nzima, nikiwaza shida zote zilizomo kitabuni, na kwa mwanafunzi wa hesabu hazikuwa chache. Jioni akanionyesha kwa kidole. Andika "kitabuni". Funika herufi mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Kilichobaki ni "tabu". Shida ilikuwa mle mle kitabuni, imekaa imetulia, na mimi nilikuwa nikiipita. Nilihisi kitu kikifunguka kichwani. Dada zangu wawili walihisi njaa, wakaenda jikoni, na hawajawahi kuugua ugonjwa huu hadi leo.

Basi tukawa hivyo, mimi na baba. Hatukuwa tunazungumza kuhusu mambo mengine, kwa sababu mambo mengine yalikuwa na maoni ndani yake, na maoni yalikuwa yake. Lakini mafumbo tuliyaweza. Nikiwa chuoni aliniandikia ujumbe kwenye simu: "Mali ikivurugwa, hutandazwa barabarani. Herufi nne." Nilimjibu "lami", maana ni herufi zilezile za "mali" zimechanganywa. Akanijibu kwamba nimepata, ila nisitarajie kuiona ikitandazwa kweli kwenye barabara ya kwetu, kwa kuwa kwetu mali huvurugwa na kuishia hapo.

Kisha nikaolewa na mtu wa Kiritiri, kule Mbeere.

Sijui kama nimeeleza vizuri uzito wa jambo hilo. Kwa baba yangu, aliyezaliwa mahali ambapo ukiangusha mbegu unalazimika kuruka kando isikuote mguuni, Mbeere ilikuwa nchi ya mchanga, makaa na mbuzi. "Huko mvua hunyesha ikipotea njia," aliniambia. Nilimweleza kwamba mchumba wangu ni afisa wa mifugo, ana diploma, ana pikapu, na hanywi. Baba akauliza, "Anywe nini, na maji hakuna?"

Harusini alikuja. Alikaa benchi la nyuma kanisani na suti yake ya kijivu, kama mtu aliyetumwa na serikali kuthibitisha kwamba tukio limefanyika, na akaondoka kabla ya chakula. Wiki hiyo hiyo simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka kwa baba. Nilidhani ni baraka. Ulisema: "Uchafu uliomo ndoani. Herufi tatu."

Doa. Hata kulia sikuweza vizuri, kwa sababu lilikuwa fumbo zuri sana.

Miaka ikaenda. Tulipanga nyumba mtaa wa Majimbo, hapo Embu, mume wangu akizunguka vijijini kuchanja mifugo, mimi nikiuza dawa za kikohozi kwa watu wanaovuta sigara mlangoni pa duka. Mafumbo yaliendelea kuja kwa simu, nami niliyajibu. Lakini baba hakukanyaga kwangu. Hakumtaja mume wangu kwa jina wala kwa cheo, alimwita "huyo mwenye mbuzi", na akiuliza habari zake aliuliza hivi: "Mbuzi wazima?" Nami nilijibu wazima. Mume wangu akisikia alicheka tu. Ana moyo huo, wa kucheka mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angekasirika, na mara nyingi hilo ndilo lililonikasirisha.

Mwaka juzi kikundi cha wapenzi wa Kiswahili mjini Embu kilitangaza shindano la kufumbua krosiwadi za kificho, kwa watu wawili wawili. Nilishangaa kwamba kulikuwa na watu wengine duniani wenye shida hii. Nilimpigia baba, nikijua atakataa kwa kuwa Embu ndiko anakoishi mkwe wake.

"Mtunzi wa mafumbo ni nani?" akauliza.

"Wanasema ni mwalimu mmoja kutoka pwani."

"Mtu wa pwani," akasema, kwa sauti ya bondia aliyetajiwa mpinzani. "Mama, niandikishe." Ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Akaongeza haraka kwamba atakuja asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo, nisije nikahangaika kutandika kitanda.

Alifika na suti ile ya kijivu ya harusini. Shindano lilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, chini ya bango lililokuwa na kosa la tahajia, na baba alilifurahia kosa hilo kuliko chai ya bure. Washindani hawakuwa wengi: walimu, wanafunzi wa chuo kutoka Chuka, wakili mmoja aliyetufahamisha kuwa yeye ni wakili, na masista wawili wa kanisa waliovaa sketi za buluu na sura za upole. Masista hao niliwahurumia. Niliwaza, masikini, wamekuja kujiburudisha.

Sheria zilikuwa rahisi. Kila jozi ilipewa karatasi moja na kalamu moja ya wino, bila kufuta. Baba aliishika kalamu hiyo kama urithi. Mimi kazi yangu ilikuwa kufikiri kwa sauti ya chini.

Raundi za mwanzo tulizipita kwa raha ambayo sijaipata mahali pengine. Fumbo moja lilisema, "Inama, kisha urudi kinyumenyume, upate utulivu, herufi tano." Tulitazamana tu. Isome "inama" kutoka mwisho kuja mwanzo, ni "amani". Baba aliandika, na nikaona ndevu zake fupi zikitetemeka kwa furaha. Kwa muda huo sikuwa mke wa mtu yeyote kutoka mahali popote. Nilikuwa msichana wake aliyefunika herufi kwa vidole.

Tukaingia fainali na jozi nyingine nne. Mtunzi mwenyewe, mtu mwembamba mwenye kofia iliyodariziwa, alizungukazunguka kati ya meza akitabasamu. Baba hakumrudishia tabasamu. Tulijaza karibu karatasi yote, ikabaki kona moja ya chini. Hapo tukakutana na hili: "Huliwa bara, hukuna nazi pwani. Herufi tano." Herufi ya kwanza tulikuwa nayo tayari, M.

Mimi nililijua. Nilisoma chuo pamoja na msichana wa Lamu, na kwenye chumba chetu kulikuwa na kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho watu wa pwani hukikalia wakikuna nazi. Kinaitwa mbuzi. Nilimnong'oneza baba.

"Mbuzi hakuni nazi," akasema.

"Si mnyama, baba. Ni kifaa. Jina ni moja, maana mbili. Hiyo ndiyo janja yake."

"Nimefundisha Kiswahili kabla hujazaliwa. Mbuzi ni mnyama." Akafikiri. "Ni mkono. Sisi huku tunakula kwa mkono. Wao wanakuna nazi kwa mkono. Herufi tano."

"Fumbo linasema huliwa. Kuna mtu bara anayekula mkono?"

"Hayo ni makosa ya mtunzi. Hukuona bango?"

Na kabla sijamshika, akaandika MKONO, kwa wino, kwa ule mwandiko mzuri wa mwalimu ambao hauwezi kusingiziwa kuwa neno lingine.

Sasa ile K, herufi ya pili, ilikuwa mwanzo wa neno la kushuka chini, lililosema: "Kibanda kikikatwa kichwa huwa kikubwa. Herufi tano." Mtoto angeliona. Kata "ki" kwenye kibanda, unabaki na banda, na banda ni kubwa kuliko kibanda. Lakini sasa neno lilitakiwa kuanza na K.

"Baba, ni banda. Inahitaji B. B ya mbuzi."

"Kanda," akasema baba, bila aibu yoyote. "Kanda ni kubwa. Kanda yote ya Mlima Kenya hii, si kubwa?"

"Umeitoa wapi kwenye kibanda?"

"Ondoa herufi hizi mbili za katikati, hii na hii. Unabaki na kanda."

"Hapo si kichwani, baba. Umekata koo!"

Nilikuwa nimesahau kunong'ona. Baba naye akasahau. Aliinuka kidogo kwenye kiti na kusema, kwa Kimeru na kwa sauti ya gwaride la asubuhi, "Na mbuzi huchinjwa kwa wapi? Si kwa koo?"

Ukumbi ukageuka kututazama. Masista wakainamisha vichwa. Nilimtazama baba yangu, mtu aliyetamka jibu kwa kinywa chake mbele ya umati na asilisikie, na nikaamua kunyamaza. Akaandika KANDA. Aliikoleza ile K mara mbili.

Tukawa wa tatu. Wa kwanza walikuwa masista, waliomaliza mapema wakakaa wakigawana biskuti. Wakili alikuwa wa mwisho, na kwa hilo angalau Mungu alionekana. Zawadi ya mshindi wa tatu ilikuwa mwavuli wenye rangi za kampuni ya mbolea, mmoja, kwa watu wawili wanaoishi wilaya tofauti.

Baba alikata rufaa. Alimfuata mtunzi mpaka kwenye meza ya chai na kumtaka aeleze, mbele ya mashahidi, ni mbuzi gani anayekuna nazi. Mtunzi hakukasirika. Alitoa simu akamwonyesha picha. Baba alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hiki ni kigoda chenye meno."

"Ndiyo, mzee wangu. Twakiita mbuzi."

"Nani alikiita hivyo?"

"Watu tu, mzee. Tangu zamani."

"Kwa nini wasikiite kigoda chenye meno?"

Mtunzi akakiri kwamba hajui. Baba alichukulia hilo kama ushindi, akataka liandikwe mahali. Walibishana kwa adabu kubwa, huyu akiitwa "mzee wangu" na yule "shehe wangu", mpaka vikombe vikakusanywa na meza zikakunjwa. Wakati tunatoka nje, magari ya mwisho ya kwenda Meru yalikuwa yamejaa na kuondoka, na mvua ilikuwa inaanza. Baba alifungua mwavuli wa mbolea, akasimama chini yake peke yake, akiwaza.

Mume wangu akaja kutuchukua. Pikapu yake ilinuka beberu aliyekuwa amembeba mchana, na sioni haja ya kuficha hilo. Alishuka, akavua kofia, akampa baba mkono. "Mzee, karibu sana."

Nilitarajia baridi. Lakini baba alikuwa bado na kesi yake, na mtu mwenye kesi humtafuta shahidi popote. Alimshika mume wangu mkono bila kuuachia, akamuuliza moja kwa moja, "Wewe ni mtaalamu. Umesoma mbuzi chuoni. Umewahi kusikia mbuzi ya kukunia nazi?"

Mume wangu alinitazama. Nilitazama mvua.

"Mzee," akasema taratibu, "hiyo hatukufundishwa. Ila nikiletewa, nitaichanja."

Baba alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu mama yetu alipokuwa hai, kicheko cha kutoka tumboni, kikamkohoza mpaka mume wangu akampigapiga mgongoni. Kisha akapanda pikapu, akakaa mbele, na mimi mfamasia mwenye shahada nikabanwa katikati na gia ikinigonga magoti, nikiwasikiliza wanaume wawili wakizungumza juu ya minyoo mpaka Majimbo.

Jioni hiyo alikula ndengu za Kiritiri, sahani ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa hiari. Aliuliza zimelimwa wapi. Alipoambiwa, akasema labda kuna mahali fulani huko ambapo udongo si mbaya sana. Hiyo, kwa baba yangu, ni sawa na kuomba msamaha kwa maandishi. Hakuuomba kwangu, wala hajauomba. Mimi niliosha vyombo nikiwa na hasira na furaha pamoja, nikashindwa kujua ipi iko juu ya ipi.

Aliondoka baada ya siku kadhaa, ingawa alikuja na suti moja tu. Tangu hapo anashuka Embu mara kwa mara. Sababu anayoitoa ni kwamba ananiandaa kwa shindano. Anachofanya hasa ni kwenda na mume wangu vijijini, kukaa kwenye pikapu, na kuwashauri wakulima wa Mbeere juu ya mambo asiyoyajua. Nimesikia wanampenda. Pia alianza kumfundisha mume wangu mafumbo. Niliwakuta sebuleni, baba akiwa na chaki.

"Nimesema inama, urudi kinyumenyume."

"Nimeinama, mzee," akasema mume wangu, na kweli alikuwa ameinama. "Nirudi mpaka wapi?"

Mwaka jana shindano likafanyika Meru. Nilimpigia baba kumwambia najaza majina yetu. Akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyejipanga.

"Mama, wewe ingia ile ya mtu mmoja mmoja. Umeshakomaa."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshajiandikisha. Na mume wako."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mume wangu, ambaye nilimpenda kwa mambo mengi lakini si kwa mafumbo, alikuwa amejua kwa wiki nzima na kunyamaza. Nilipomuuliza, alisema mzee alimwomba afiche, na yeye hawezi kumvunja mzee moyo. Mimi moyo wangu, inaonekana, ni wa chuma cha pua.

Walivaa suti siku hiyo, wote wawili. Niliwatazama kutoka viti vya plastiki vya watazamaji. Sijawahi kuona watu wakishindwa kwa raha kiasi kile. Mume wangu alipendekeza majibu, baba akayakataa yote, akaandika yake, na yake yakawa si sahihi pia. Kuna wakati waliinua vichwa pamoja, wakatazama dari pamoja, wakashika videvu pamoja, na mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza kama wale ni baba na mwana. Nilimwambia ndiyo. Lilikuwa jibu fupi zaidi.

Walikuwa wa mwisho. Wakili alikuwa mbele yao, na alituarifu.

Zamu yangu ilianza baada ya chakula cha mchana. Niliketi peke yangu na kalamu yangu mwenyewe, bila mtu wa kuninyang'anya, na nikagundua kwamba kimya kingi nacho kinasumbua. Kila nilipopata jibu zuri niligeuka upande wa kushoto kumwonyesha mtu, na hapakuwa na mtu. Hata hivyo nilimaliza. Aliyenitangulia ni mmoja wa wale masista tu, na sasa simhurumii tena. Niliitwa mbele, nikapewa cheti na birika la umeme, watu wakapiga makofi. Nikatafuta suti mbili kwenye viti. Hazikuwapo.

Nilipiga simu. Nyuma ya sauti ya baba kulikuwa na kelele za visu na sahani, na mtu akicheka ambaye nilimfahamu vizuri.

"Nimekuwa wa pili," nikasema.

"Wa pili kwa nani?"

"Kwa sista."

"Aa, huyo hata mimi nisingemweza." Akatafuna. Akameza. "Vizuri sana, mama. Vizuri sana kabisa. Sisi tuko hapa kando ya stendi, tumekuwekea mbavu. Njoo haraka, kabla huyu hajazimaliza."